Nyumba Iliyorukwa na Mchele

Katika kichochoro chetu hakuna mtu anayenusa uongo kama mimi. Muulize yeyote, kuanzia bombani mpaka msikitini. Ni kweli kwamba siku zile pua yangu ilikuwa imeziba hata nikaunguza samaki wa chumvi, na jirani akaja na ndoo ya maji kabla mimi mwenyewe sijajua kuna moshi. Basi tuseme hivi: uongo ule aliunusa Retna. Mimi nilikuwa dirishani, na nisiyoyaona alikuja kunisimulia baadaye.

Retna alikuwa mpelelezi wa maradhi kutoka ofisi ya afya ya wilaya. Wapo wapelelezi wanaofuata nyayo na matone ya damu. Huyu alifuata kikohozi. Mwanamke mfupi, hijabu ya kijivu, barakoa mbili juu ya pua. Alikuwa na tabia ya kuuliza swali kisha kunyamaza, na ule unyamavu wake ukawa mzito mpaka mtu anajibu ili mradi uishe.

Asubuhi ile alikuta kichochoro chetu kimezibwa kwa mianzi iliyokingamishwa na kutiwa kufuli. Kibao cha rangi nyekundu kilisema mgeni asiingie. Nje ya mianzi iliegeshwa pikapu tupu, na dereva wake amelala na kofia usoni. Ndani alisimama Balozi Suwignyo, balozi wa nyumba zetu, ameshika kipaza sauti ingawa Retna alikuwa hatua chache tu mbele yake.

“Umechelewa, daktari,” Balozi alisema. Sauti yake bado ilikuwa na mikwaruzo, kama mtu anayesaga mahindi kooni. “Ugonjwa tumeshaujua, na mlango uliopitia tumeshaujua.”

Retna hakuhitaji kuuliza mlango upi. Ulionekana kutoka pale: nyumba ya Bi Ngatinah muuza jamu, mlango umepigiliwa mianzi miwili kama msalaba. Bi Ngatinah ndiye aliyekuwa akipita kila alfajiri na kikapu mgongoni, chupa zimejipanga, akituuzia jamu, ile dawa ya kunywa ya mizizi na majani. Ndiye pia wa kwanza kusikika akikohoa. Baada yake wakaanguka watu nyumba baada ya nyumba, homa na maumivu ya viungo, mpaka Mzee Karso, mkubwa wa kichochoro, akapelekwa hospitali na kufa huko kwa jina la mshukiwa wa korona. Wakamzika watu waliovaa mavazi meupe toka utosini hadi unyayoni. Alifungwa kwenye plastiki, hakuoshwa na wanawe. Waliambiwa wasimame mbali, nao wakasimama mbali, kama watu waliokuja kwenye maziko bila kualikwa.

Jibu la hospitali lilikuwa halijatufikia. Kichochoro kilikuwa kimeshatoa lake. Alasiri ile watu wangekusanyika barazani kwa Balozi, wangeinua mikono, na Bi Ngatinah angepakiwa kwenye pikapu na kurudishwa kijiji cha marehemu mumewe, ambako hakuwa na hata kaburi la kuliita lake, kwa sababu mume mwenyewe amezikwa hapa kwetu. Huyo ndiye mtu ambaye Retna alikuwa na muda mpaka alasiri kumwokoa, na wakati huo hakuwa amemwona hata uso.

Alimuuliza Balozi kama yeye aliugua.

“Mimi? Balozi akiugua nani atawalinda hawa?” Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba ndiyo maana alikataa kuchomekwa kijiti puani siku ile watu wa afya walipokuja: kijiti cha serikali kisiharibiwe kwa mtu mzima wa afya. Na tangu amri ya kujifungia itolewe hajavuka mianzi ile, sokoni hajakanyaga, hata kwa binti yake aliyejifungua hajaenda. Sisi wengine tuliingizwa amri hizo masikioni kila siku kwa kipaza sauti, hivyo tulizijua.

Macho ya Retna yalikuwa yameshapanda juu ya baraza yake. Pale lilining’inia tundu la ndege, refu, limefunikwa kitambaa cheusi mpaka chini.

“Na huyo naye amejifungia?”

Balozi akacheka kwa mara ya kwanza. Huyo ni Guntur, alisema, kurumbiza wa mkia mrefu, bingwa wa kuimba. Ananyonyoka manyoya. Miezi kadhaa sasa yuko gizani, mwanga ukimpiga manyoya mapya hayaoti. Retna akaitikia kwa kichwa kama mtu asiyejali ndege, akapita.

Alichokuja nacho hakikuonekana mkononi. Asubuhi hiyohiyo, kabla hajapanda pikipiki yake, alikuwa amepigiwa simu na Yosefina wa maabara ya mkoa. Siku kadhaa kabla ya hapo Yosefina alishampa jibu la kwanza la vijiti vya kichochoro chetu, na cha Mzee Karso kikiwemo: hakuna korona, hata kwa mmoja. Ofisini wakapumua. Mkuu wa Retna akamwambia jambo limekwisha, afunge jalada aende kwingine, korona ya kweli imejaa mjini na wapelelezi ni wachache.

Hapo ndipo Retna alipopandisha hasira, yeye ambaye sauti yake haikuwa ikisikika chumba cha pili. Alimwambia mkuu wake: “Tumewauliza hawa watu swali moja tu, ni korona au siyo. Sawa, siyo. Mzee amekufa. Amekufa na siyo?” Mkuu akasema maabara ina kazi. Retna akasema naye anayo, akatoka, akampigia Yosefina na kumwomba avirudie vijiti vilevile vilivyogandishwa kwenye barafu, atafute ndani yake virusi vingine vya kifua, kimoja kimoja, kwa kadiri alivyo na dawa za kupimia.

Basi kwenye simu ya asubuhi ile Yosefina alimwambia akae kwanza. Wagonjwa wote wa kichochoro, na marehemu Karso, walikuwa na kirusi kimoja: influenza, yale mafua makali yanayoangusha mtu kitandani. Wote isipokuwa mmoja. Bi Ngatinah hakuwa nayo kabisa. Kwenye kijiti chake mlikuwa na kirusi cha mafua ya kawaida tu, yale ya kupenga na kuendelea na kazi.

“Na kuna jambo lingine, dada,” Yosefina alisema. “Mwaka huu influenza imekuwa adimu. Watu wamevaa barakoa, wamejifungia, imekosa pa kwenda. Katika wilaya yenu nzima nimeikuta kwenye kichochoro hicho, na kwa mzee mmoja wa mji wa juu mlimani. Basi. Aina ileile.”

Hivyo Retna aliingia kichochoroni akiwa na maswali mawili. Mafua yale yaliingiaje mahali palipozibwa, na mzee wa mlimani anahusikaje.

Kwanza alikwenda kwa Sumirah, binti wa marehemu. Sumirah ni fundi cherehani. Siku zile alishona barakoa kutwa, na alikuwa amekwisha kumwambia kila mtu kwamba alasiri mkono wake ndio utakaoinuka wa kwanza. Retna alisimama mlangoni, akamwambia moja kwa moja kwamba baba yake hakuwa na korona.

Cherehani ikaendelea mpaka mwisho wa mshono. Kisha ikanyamaza.

“Rudia,” Sumirah alisema.

Retna akarudia.

“Niliwaomba uso tu. Nikawaambia nitavaa glavu, nitavaa hata ndoo kichwani, niacheni nimwoshe uso. Wakanijibu korona haina huruma. Sasa wewe unakuja na viatu vyako safi kuniambia haikuwa korona?”

“Ilikuwa influenza. Nayo inaua wazee, nayo inaambukiza. Ningekuwepo, ningekuambia uvae glavu na barakoa.” Kisha Retna akaongeza: “Lakini ungemwosha.”

Nyumba yangu na ya Sumirah zinatazamana. Niliona jinsi alivyoshika ukingo wa meza. Hakulia. Hasira ikamtangulia. Alisema basi yule mwanamke kamletea baba yake hayo mafua, ni yaleyale tu, na pikapu inamngoja.

“Hana,” Retna alisema. “Tumempima. Huwezi kumpa jirani chumvi ambayo jikoni kwako haipo.”

Akamuuliza nani aliingia ndani mle kabla mzee hajaanza homa. Sumirah karibu amcheke. Nani aingie, na kichochoro kimefungwa kama pakacha? Hata kaka zake walikuwa wakimsalimia baba yao kwa simu. Ni Balozi peke yake, alipoleta mchele wa msaada. Alikaa kitandani kwa mzee wakazungumza ndege kama kawaida yao. Mzee alipenda sana mazungumzo hayo, na alimcheka Balozi kwa kuwa siku hiyo sauti ilikuwa imemkauka. Alimuuliza amemeza chura gani.

Retna alitoka hapo akaenda nyumba kwa nyumba. Kwangu alikuja pia, akaniuliza mambo yaleyale, nikamwonyesha na sufuria niliyounguza. Majibu yetu yalilingana kiasi cha kuchosha. Mgeni hakuna. Safari hakuna. Balozi na mchele, ndiyo. Alibisha hodi, aliingia, alipiga soga, alikohoa kidogo akasema ni vumbi la magunia. Barakoa ilikuwa kidevuni, maana mtu hawezi kupokea shukrani vizuri akiwa amejifunika mdomo.

Ilibaki nyumba ya mianzi miwili. Retna aliinama mpaka akaona jicho moja la Bi Ngatinah katikati ya ufa wa mlango.

Sauti ya ndani ilikuwa ya upole wa mtu aliyekwisha kufunga mizigo. Ndiyo, alikohoa. Mafua aliyapata sokoni alipokwenda kununua mizizi, kabla njia hazijafungwa. Retna alilijua soko hilo. Alikuwa amekwisha kupoteza siku nzima huko akifuata muuza nazi mmoja aliyepatikana na korona kweli, akiamini ndipo uzi ulipoanzia. Uzi ule ulikatika Yosefina alipojibu mara ya kwanza.

“Na mchele, bibi? Nani alikuletea?”

“Sikuletewa. Kitambulisho changu ni cha kijiji cha marehemu. Balozi alisema msaada ni wa wenyeji.” Jicho likapepesa. “Siku ile niliumia, mwanangu. Aliingia kushoto, akaingia kulia, kwangu akapita kama mlango haupo.”

Retna alibaki ameinama pale muda mrefu, mpaka nikadhani mgongo umemshika. Kumbe alikuwa amelipata jibu. Nyumba zote zilizopokea mchele mkononi mwa Balozi ziliugua. Nyumba moja aliyoiruka ndiyo ambayo influenza iliiruka.

Aliuliza jambo moja la mwisho: kabla watu hawajaanza kuugua, kuna aliyenunua jamu ya koo, ile ya mchele na mizizi inayorudisha sauti?

Bi Ngatinah akasema yupo.

“Nani?”

“Mimi nauza jamu, siuzi majina. Wanywaji wangu wananiamini.”

“Bibi, hawa wanywaji wako wana pikapu pale nje inakungoja wewe.”

“Nimeiona,” akajibu. “Ndiyo maana nakuambia yupo. Jina tafuta mwenyewe.”

Ilikuwa imekaribia adhuhuri. Retna alikaa kwenye ukingo wa mfereji, akampigia mgonjwa wa mlimani. Aliitwa Mzee Tukiran, alikuwa amelazwa lakini nafuu imeanza, na alianza kwa kukana kila kitu kama mtu aliyezoea. Hakutoka, hakukutana na mtu. Retna akamwambia habari za Mzee Karso na plastiki. Kisha Mzee Tukiran akasema yeye ni mwamuzi wa mashindano ya ndege waimbao.

Mashindano yamepigwa marufuku, naye anajua. Lakini kulikuwa na moja, katika msitu wa mitiki, watu wakaja na matundu yamefunikwa kama wamebeba nguo za kufua. Ndege wakatundikwa juu, wenyewe wakabanana chini wakipiga miluzi, wakialisha vidole, wakipaza sauti kuwatia ndege moyo, kila mtu mdomo wazi usoni pa mwenzake. Siku mbili baadaye yeye hakuwa na sauti, na baada ya hapo akawa hana nguvu.

Retna akauliza: wa kutoka mji wetu walikuwepo?

Alikuwepo mmoja, na kurumbiza wake alishinda. Jina la mtu hakulitoa. “Kwetu ndege ndio wana majina, mama. Wenyewe tunajifanya hatuwajui.” Retna akamuuliza, kama anayepitisha muda, iwapo ndege anayenyonyoka manyoya anaweza kushindana. Mzee Tukiran akakohoa kwa kicheko. Anyonyokaye hupelekwa mahali gani? Kwanza haimbi, pili mkia wote umedondoka, amebaki kama kuku aliyeponea chupuchupu kuingia chunguni. Na mkia ule mpaka uote ukakamilika ni miezi, mtu hauotezi kwa haraka zake. Yule mshindi mkia wake ulishuka kama utepe.

Alasiri watu walikusanyika barazani kwa Balozi, wameachana nafasi kama walivyofundishwa. Dereva wa pikapu alikuwa ameamka. Balozi alishika kipaza sauti, akaanza kwa dua ya kumwombea Mzee Karso, kisha akasema kwamba huruma ni jambo jema lakini kinga ni bora, na nani aliye tayari kuinua mkono.

Retna aliomba kusema kwanza. Alitueleza bila kuremba kwamba hakuna mtu wa kichochoro hiki aliyekuwa na korona, ila korona ipo mjini na inaua, kwa hiyo asionekane mtu akitupa barakoa. Tuliyougua sisi ni influenza, na yule aliyefungiwa kwa mianzi ndiye pekee ambaye hakuwa nayo.

Watu wakanong’ona. Balozi akasema haya ni mambo ya maabara, leo wanasema hivi na kesho vile, na kama si Ngatinah, basi ni nani mwingine aliyetoka nje?

“Nilikuwa nataka kukuuliza wewe,” Retna alisema. “Ufunguo wa mianzi anao nani?”

“Mimi. Na nimeshakuambia sijaivuka.”

“Hata kwenda kwenye mitiki?”

Kipaza sauti kiliguna. Balozi akasema mitiki gani, yeye si mkata miti. Retna akasema pale walipotundikwa kurumbiza. Hapo Balozi akapata nguvu, akatugeukia sisi kama mtu aliyesingiziwa wizi. Sisi si tunajua? Guntur ananyonyoka. Miezi yuko kwenye giza, hana hata unyoya mmoja wa mkia. Mtu ataendaje kwenye mashindano na ndege aliye uchi? Daktari amwonee haya mzee mzima aliyewagawia watu mchele.

Tukajikuta tunaitikia kwa vichwa. Jambo lilikuwa na mantiki, na tulikuwa tumekula ule mchele.

“Basi tumwone,” Retna alisema.

“Mwanga utamuua.”

“Mchana huu si jua kali. Tumwone mara moja tu.”

Balozi alisimama mbele ya tundu. Alisema daktari ana mamlaka juu ya watu, juu ya ndege hana. Na ni kweli Retna hakuwa nayo. Alibaki amesimama, mikono yake chini, akimtazama tu kwa ule unyamavu wake.

Sumirah hakuwa na mamlaka yoyote wala hakuyangoja. Alipita kati ya watu, akampita Balozi kama Balozi alivyoupita mlango wa Bi Ngatinah, akakamata kitambaa cheusi na kukivuta chini.

Mkia ulikuwepo wote. Mweusi, unang’aa, mrefu kuliko ndege mwenyewe, umeshuka kama utepe.

Mke wa Balozi, aliyekuwa mlangoni na sinia la chai, aliingia ndani na sinia lake.

“Umeota,” Balozi akasema. “Umeota... hizi siku mbili tatu.”

“Balozi,” Retna akasema taratibu, “ulitoka?”

“Sikutoka. Wallahi sijamtoa ndege huyu humu barazani tangu—”

Sasa, kurumbiza wa mashindano amefundishwa jambo moja: kitambaa kikivuliwa ghafla mbele ya watu, kazi imeanza. Guntur akanyoosha shingo, akautikisa ule mkia, akaachia wimbo uliojaza kichochoro chote hadi msikitini. Na mkono wa kulia wa Balozi, wakati mdomo wake bado umeshikilia kiapo, ukapanda wenyewe juu ya kichwa na vidole vikaalika, mara ya kwanza, mara ya pili, kumtia moyo bingwa wake.

Aliuona mkono wake pamoja na sisi. Akausahau huko juu.

Nyuma yetu Sumirah alikuwa ameshafika kwenye mlango wa Bi Ngatinah, na mwanzi wa kwanza ukapasuka.